Wanafunzi Wetu Huenda Pwani Bila Kutalii

Kila likizo ya Agosti na ile ya Desemba zinapowadia, barabara kuu ya kuelekea Mombasa hujaa mabasi ya shule kutoka Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na sehemu za Mlima Kenya. Wengine tangu mwaka 2017 huja kwa garimoshi la reli mpya. Ratiba ya ziara hizo karibu ni moja popote zitokapo: Fort Jesus asubuhi, bustani ya Haller kule Bamburi kutazama viboko na kobe, feri ya Likoni kwenda na kurudi, kisha alasiri ufuoni kuoga na kupigwa picha. Siku ya pili au ya tatu safari ya kurudi huanza. Mwanafunzi hurejea nyumbani na kome mfukoni na chumvi kichwani, na wiki moja baadaye huandika insha yenye kichwa "Ziara ya Kukumbukwa".

Mimi si adui wa ziara hizi. Mzazi anayejinyima ili mwanawe aione bahari anastahili heshima, na mwalimu anayekesha akihesabu vichwa vya watoto sitini katika bweni la kukodi anastahili heshima zaidi. Hata hivyo, sisi tunaofundisha isimu tuna ugonjwa wa kuyachungulia maneno ndani, na neno moja katika shughuli hii limenikera kwa muda mrefu. Neno hilo ni mtalii.

Siku hizi mtalii ni mtu mwenye kofia pana na kamera, anayelipa ili astarehe. Lakini kitenzi kutalii, tulichokipata kutoka Kiarabu, maana yake ya asili ni kusoma kwa makini, kupekua, kuchunguza jambo hadi ulielewe. Aliyetalii kitabu ni yule aliyekisoma kwa kuzingatia. Kwa kipimo hicho, wengi wa hao tuwaitao watalii hawatalii kitu, nao wanafunzi wetu tunaowapeleka Pwani kwa jina la elimu huenda na kurudi bila kutalii. Ninadai kwamba lawama si ya watoto. Ni ya ratiba, na hasa ni ya lugha tunayoiacha nyumbani tunapopanda basi.

Tuanze na majira, kwa kuwa ndipo kosa la kwanza hufanyika. Vijitabu vya hoteli huigawa Pwani yetu kwa kalenda ya Ulaya. Kuna kile kiitwacho "msimu wa juu" na "msimu wa chini", tafsiri za sisisi ambazo sikio la Mswahili huzikataa mara moja. Ulaya inapokuwa na joto, Wataliano wapewapo likizo mwezi wa Agosti, Malindi na Watamu hujaa wageni. Inapoingia baridi kwao, hujaa tena. Nasi, bila kufikiri, tumeiga kalenda hiyo kana kwamba bahari yetu huendeshwa na likizo za Milano.

Ajabu ni kwamba neno msimu lenyewe linaijua Pwani kuliko wanaolitumia. Asili yake ni neno la Kiarabu mawsim, wakati maalumu wa jambo, na kwa mabaharia jambo hilo lilikuwa ni kusafiri kwa upepo. Wareno walilichukua neno hilo hilo, Waingereza wakalipokea kutoka kwao, likawa jina la pepo za mvua za Bahari ya Hindi ambalo mwanafunzi hulikuta katika kitabu cha jiografia na kulidhani geni. Si geni. Ni ndugu wa msimu, na amelelewa katika nyumba moja naye.

Pepo hizo kwetu ni mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa joto, na ndiyo iliyokuwa ikivileta vyombo kutoka Omani, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza kuingia mwezi wa Aprili na kushika nguvu katika miezi ya katikati ya mwaka, nayo ndiyo iliyovirejesha vyombo hivyo makwao. Baina ya hizo kuna kipindi cha matlai, na kile cha maleleji ambapo upepo hauna msimamo na bahari hulala. Sasa nimwombe mwalimu wa Kakamega au Nyeri awaulize wanafunzi wake: neno kaskazini limetoka wapi? Kila siku hulitamka. Husema Kaskazini Mashariki, husema mpaka wa kusini, huchora dira na kuipamba kwa rangi. Ni wangapi wamewahi kuambiwa kwamba kaskazini ni mahali ipovumia kaskazi, na kusini ni ipovumia kusi, kwa kiambishi kile kile -ni tunachowafundisha katika nyumbani na shuleni? Mtoto wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari hujielekeza duniani kwa pepo za mabaharia. Mbona hatumwambii?

Haya si mapambo ya wanaisimu. Yana faida hata kwa mweka hazina wa shule. Likizo ya Aprili huangukia masika, wakati ambapo mvua humfungia mgeni chumbani na hoteli kadhaa hupunguza shughuli. Agosti ni kusi. Bahari huwa na mawimbi, maji huvurugika, na fuo za Malindi mara nyingi hutandikwa mwani. Kisha tunawapeleka watoto mwezi huo huo kwenye mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, au Kisite kule kusini, tuwapandishe katika mashua zenye sakafu ya kioo ili wayaone matumbawe! Wanachokiona ni ukungu wa kijani kibichi, na kinachobaki akilini ni kichefuchefu. Matumbawe na samaki wa rangi hutazamwa vyema zaidi kaskazi inapotulia, maji yanapokuwa maangavu kama kioo chenyewe.

Agosti ina neema zake, mradi mtu ajue la kutafuta. Ni miezi ya Julai hadi Septemba ambapo nyangumi hupita mbele ya pwani yetu wakitoka maji baridi ya kusini. Ni wakati wa hali ya hewa ya upole ambapo mtoto aweza kutembea saa mbili katika magofu ya Gede bila kuzimia kwa joto, akaviona visima, msikiti mkuu na kasri ya mji ulioachwa na watu wake karne kadhaa zilizopita, na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Ni wakati mzuri wa kuingia Kaya Kinondo karibu na Diani, msitu mtakatifu wa Wadigo, ambapo mgeni hufungwa kaniki kiunoni na kuambiwa masharti kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Hori la Mida nalo, na mikoko yake, lina ndege mwaka mzima, ingawa kundi kubwa la ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hulikuta huko kuanzia mwisho wa mwaka. Hao ndio watalii wa kale zaidi, na hawajapata kukosea msimu.

Kuna somo jingine la upepo ambalo hukosekana pale pale linapopaswa kutolewa. Kila shule ifikayo Malindi huupiga picha mnara wa Vasco da Gama. Tarehe hukaririwa, 1498, na safari huendelea. Lakini mnara huo bila upepo ni jiwe tu. Mreno huyo alipewa rubani na mtawala wa Malindi, akang'oa nanga mwishoni mwa Aprili, na kwa muda usiofika mwezi mmoja akawa amefika pwani ya Bara Hindi. Kwa nini upesi hivyo? Kwa sababu kusi ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, na rubani alilijua hilo. Wakati wa kurudi Da Gama hakusubiri. Aliondoka kabla ya kaskazi kukamata, akahangaika baharini kwa takriban miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa maradhi, akaifikia tena Malindi Januari 1499 akiwa na watu wachache kiasi kwamba ilibidi chombo chake kimoja kichomwe moto kwa kukosa wa kukiendesha. Mwanafunzi akisimuliwa hayo akiwa amesimama pale pale, upepo ukimpiga usoni, ataelewa ni nani aliyekuwa mjuzi na nani mwanagenzi katika bahari hii. Vitabu vyetu vya historia, hata baada ya miaka mingi ya uhuru, bado humsimulia mgeni kama mjuzi.

Nije kwenye maji yenyewe. Pwani ni neno la kitenzi kupwa. Ni pale maji yanapopwa, yanaporudi nyuma na kuiacha ardhi wazi. Jina lenyewe la eneo hilo zima la nchi yetu linatangaza kwamba bahari haikai mahali pamoja. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji ya nguvu, ambapo tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo. Mtoto wa mvuvi hujua haya kabla ya kujua kusoma. Mwalimu aliyetoka bara na wanafunzi sitini, mara nyingi hajui kwamba kuna la kujua.

Matokeo yake hutofautiana. Pengine ni hasara ndogo: basi hufika ufuoni maji yakiwa yamepwa hadi mwambani, watoto wasiamini kwamba bahari imeondoka. Pengine ni msiba. Si mara moja tumesoma katika magazeti habari za wanafunzi waliozama wakiwa ziarani. Waliotoka kutembea mwambani maji yakiwa yamepwa, wakafurahia konokono na pweza mashimoni, hawakujua kwamba bamvua likianza kujaa hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, kati ya mwamba na ufuo. Neno bamvua limo katika kamusi. Katika ratiba za ziara nilizowahi kuonyeshwa, sijalikuta hata mara moja.

Wako watakaosema kwamba mhadhiri huyu anataka kugeuza likizo kuwa darasa. Mwanafunzi amechoka, aachwe aoge. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendekezi madaftari ufuoni. Ninachosema ni kwamba raha yenyewe huongezeka kwa majina. Tuchukue methali. Tunawakaririsha vijana wetu, mwaka baada ya mwaka, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waulize tezi ni nini. Watakujibu kwamba methali hiyo yamaanisha mtu hurudi alikotoka, na watapata alama zote. Hawajui kwamba tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake, wala kwamba ngama ni pale chini katikati ambapo maji hukusanyika na mtu huingia kuyafua. Wapandishe katika jahazi kwa robo saa, wamwombe nahodha aonyeshe kwa kidole, na methali hiyo haitahitaji tena kukaririwa. Dau la mnyonge haliendi joshi? Joshi ni upande utokako upepo, na kuuelekea kunahitaji chombo na mikono ya nguvu. Ama ile ya mgema akisifiwa, nimepata kusahihisha majibu ya watahiniwa walioeleza kwa dhati kabisa jinsi ndovu alivyotiwa maji. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwasimamisha chini ya mnazi akawaonyesha kata na kibuyu.

Na ukishafika chini ya mnazi, usiondoke upesi. Mgeni hujua dafu tu, kwa sababu ndilo auziwalo. Mpwani hulifuata tunda hilo tangu likiwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, mpaka likaiva kuwa nazi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyetuaga mwaka 2017, aliliona hilo mapema kuliko sisi wa vyuo vikuu. Alitunga utenzi mzima juu ya mnazi, na kabla yake, mwaka 1979, ukachapishwa ule wa Sambo ya Kiwandeo unaoeleza jinsi chombo kinavyoundwa, ubao kwa ubao, kwa msamiati wa mafundi wa Lamu. Watu wengi humkumbuka kwa maneno mapya aliyoyabuni, runinga likiwa mojawapo. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuyaokoa ya zamani. Kijiji cha Matondoni, ambako majahazi yangali yakiundwa, ni safari fupi ya mashua kutoka mji wa Lamu. Shule zinazofika Lamu ni chache, na zinazofika Matondoni ni chache zaidi.

Majina ya mahali nayo hayagharimu hata senti. Feri ya Likoni hubeba watoto wetu kila siku bila yeyote kuwaambia kwamba liko ni mahali pa kushukia vyombo. Chini ya feri hiyo ni mlango wa bandari ya Kilindini, penye kilindi, maji ya kina kirefu. Shimoni ni kwenye shimo, na pango lililoupa mji huo jina bado lipo, na linahusishwa na biashara ya watumwa. Baada ya Shimoni mashua huvuka hadi kisiwa cha Wasini, ambako wageni hulishwa kaa na kutembezwa katika bustani ya matumbawe. Hapo ndipo hunijia uchungu wa kitaaluma. Wanafunzi wa kidato cha nne hukariri orodha ya lahaja: Kimvita, Kiamu, Kipate, Kitikuu, Chifundi, Kivumba. Wasini ni kisiwa cha Kivumba. Mwanafunzi huketi mbele ya mama anayesema lahaja aliyoikariri kwa ajili ya mtihani, mama huyo humwandalia chakula, na mazungumzo yao huwa ni ya bei. Tena huenda mwanafunzi, akimsikia, akadhani mama "hajui Kiswahili sanifu". Mkutano ulioamua mwaka 1928 kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita cha Muyaka. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake. Haukusema kwamba lahaja nyingine zidharauliwe.

Lugha inayotumiwa na waongozaji ni suala jingine. Makundi ya wanafunzi wa Kenya huongozwa ndani ya Fort Jesus kwa Kiingereza, nao hujibu kwa Kiingereza, katika mji uliotunga mashairi ya Kiswahili kabla ya Kiingereza kufika hapa. Wareno waliianza ngome hiyo mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu, Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Wakazi wa Mji wa Kale huiita Ngomeni. Kule Malindi vijana wa ufuoni wamejifunza Kitaliano kwa kusikia tu, bila mwalimu wala kitabu, na mimi kama mwanaisimu huwavulia kofia. Siwalaumu waongozaji. Wao huuza kile kinachoulizwa, na sisi tunaolipa kwa niaba ya shule hatujawahi kuuliza kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wanaopanga safari ya Agosti mambo machache. Kabla ya kutaja tarehe, tazameni mwezi na jedwali la maji, nalo hupatikana. Mkitaka matumbawe, isukumeni safari hadi likizo ya mwisho wa mwaka. Mkishindwa, nendeni Gede na Kinondo, mkaache mashua za kioo. Mwagizeni mwongozaji aseme Kiswahili, na mkimpata mzee mvuvi aliye tayari kukaa na watoto nusu saa, mlipeni kama mnavyomlipa mwongozaji mwenye beji. Pale Wasini mwombeni mwenyeji radhi kwanza, kisha mwanafunzi mmoja amwulize jinsi wanavyoita kwa Kivumba kile alichoweka mezani. Na saa mtakayokuwa ufuoni, kabla ya yeyote kuvua viatu, mtu amwulize kijana wa hapo iwapo maji yanajaa au yanapwa.